Lavabo Yangu na Mbegu za Mama Mukwe

Nitasema wazi tangu mwanzo: lavabo ile, sinki langu la kuoshea sahani, niliipenda kuliko watu fulani wa ukoo wa bwana yangu. Anayetaka kucheka, acheke. Miaka hiyo ya Zaïre tulikuwa tunakaa Goma, mutaa wa Majengo, katika nyumba ya mbao yenye jiko la simenti kwa nyuma, na kwenye njia yetu yote hakukuwa na muke mwingine aliyeosha sahani akiwa amesimama. Wenzangu wote waliinama uani juu ya beseni, mugongo juu, kuku wakiwazunguka. Mimi nilisimama. Nilizaliwa Birere, mutaa wa sokoni, kwa muchuuzi wa vitambaa, na tangu utoto nilijiapia kwamba sitaishi kwa kuinama.

Bwana yangu alikuwa mutu wa biro, wa kazi za ofisini, wa kuvaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Aliipata lavabo katika nyumba moja ya zamani ya wazungu iliyokuwa inabomolewa karibu na ziwa, akaileta juu ya chukudu, lile baiskeli la mbao la kusukuma, imefungwa kamba kama mbuzi wa siku kuu. Watoto wa njia nzima wakaifuata hadi mulangoni. Ilikuwa nyeupe, nzito, na alama ya kutu chini ya robine, kile kifungulio cha maji. Chini ilikuwa na tundu la kutolea maji, pamoja na bushoni yake ya mupira ya kuliziba. Juu, karibu na ukingo, ilikuwa na tundu lingine dogo, la kuingia vidole viwili.

“Hili la juu ni la kukuokoa, mama,” fundi aliniambia siku alipokuja kuifunga. “Bushoni ikiwa ndani na maji yakipanda, yakifika hapa yanaenda yenyewe. Usilizibe hata siku moja.”

Kisha akatoka nje kutafuta mahali pa kupeleka maji machafu. Ninasema kutafuta, kwa sababu Goma huchimbi shimo. Chini yetu ni mawe ya volkano tu, na chuma kinaruka mukononi ukiyapiga. Unachotafuta ni ufa. Fundi alizunguka nyuma ya jiko, akagonga hapa na pale, akamwaga ndoo ya maji mahali pamoja, akapiga magoti na kutega sikio. Maji yakazama yote, hakuna hata tope lililobaki.

“Hii inafika Gisenyi,” akasema, yaani hadi ng'ambo ya mupaka, akajifuta magoti. Tukaelekeza bomba pale.

Shida ilikuwa maji yenyewe. Yalikuja yanapotaka. Leo asubuhi, kesho muchana, kesho kutwa hapana. Basi sisi wanawake wenye robine tulikuwa na desturi yetu: unaacha robine wazi, unafunga bushoni, na masikio yako yanabaki jikoni hata ukiwa kwa jirani. Maji yakitaka kuja, bomba linakohoa kwanza. Ukisikia kikohozi, unaacha maneno katikati na kukimbilia mabidoni yako, madumu ya kuteka maji.

Mama mukwe wangu alishuka kutoka milima ya Masisi mvua zikiwa karibu kwisha, juu ya kamyo, lori la viazi, kwa ajili ya muguu uliovimba ambao daktari wa kule alisema uangaliwe mujini. Alikuja na fimbo, kitenge cha kubadilisha, kiti chake kidogo cha miguu mitatu, na kamufuko kadogo alikokashika kifuani kama mutoto muchanga. Kijana wa kamyo alitaka kumusaidia kukashusha, akapigwa fimbo kwenye vidole.

Ndani mulikuwa na mbegu za maharagi. Nyekundu, za manjano, nyeupe, zenye madoa, na nyeusi chache zinazong'aa. Alizipata kwa mama mukwe wake, ambaye naye alizipata kwa mama mukwe wake yeye. Hakuziacha nyumbani kwa kuwa hakumuamini mutu. “Mutoto akilia njaa, watazipika,” alisema. Mpango wake ulikuwa mufupi: muguu upone, mwezi wa tisa mvua zirudi, naye arudi kwake kupanda.

Bwana yangu alikuwa na mpango mwingine. Kila jioni, akishamaliza kula, aliuanza.

“Mama, shamba limekuchosha. Ubaki hapa na sisi, moja kwa moja. Utakosa nini?”

Naye kila jioni alijibu vilevile, bila kumutazama: “Papa, mutu mwenye mbegu iko na kwake.”

Alimuita mutoto wake papa, kama mama wengi wa kwetu wanavyofanya, lakini hilo halikumaanisha kwamba atamutii.

Mimi nilikuwa katikati, na nilitaka mambo mawili ambayo hayapatani. Nilitaka aende, nibaki na jiko langu. Tena nilitaka, kabla hajaenda, anipe mbegu. Lazima nieleze hili. Katika familia ile, muke wa mutoto hapewi mbegu mukononi, wala haziombi. Mama mukwe anaziweka kimya mahali ambapo mukono wa yule muke unafika kila asubuhi. Wake wa ndugu wakubwa wa bwana yangu walizikuta kwenye majivu, katikati ya mafiga, yale mawe matatu ya kupikia, walipokwenda kuwasha moto. Tangu siku hiyo wakawa wenye nyumba. Kabla ya hapo, hata ukizaa, wewe ni mugeni tu unayepikia watu. Mimi nilikuwa nimeolewa miaka, nina watoto wawili, na bado nilikuwa mugeni.

Siku moja nilijaribu kwa mzaha. Nikamuambia, “Mama, na mimi je? Majivu yangu hayana bahati?”

Akaitazama mbabula yangu, jiko langu la makala, kisha akanitazama mimi. “Weye unapika ku kitu ya kuhamisha kama kofia. Mafiga yako iko wapi? Nitaweka wapi, mama?”

Nilicheka, meno yote nje. Lakini iliniuma, sitaficha. Niliingia chumbani nikakunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

Wahenga wanasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya pili tu alikuwa jikoni kwangu anasugua sufuria kwa majivu, kama kwao, na majivu yote yanaingia katika tundu la lavabo. Chini ya lavabo kuna kipande cha bomba kilichopinda, fundi alikiita sifo. Hapo maji kidogo yanabaki siku zote ili harufu isipande. Sifo ile ilijaa majivu na makombo ya bugali, ikawa ngumu kama tofali. Maji yalisimama. Nilipiga magoti, mimi wa Birere, nikaifungua kwa mikono yangu, uchafu ukanimwagikia hadi kwenye viwiko. Yeye alikaa kwenye kiti chake anatazama.

“Lakini beseni haizibake,” akasema.

Niliifunga sifo tena. Mungu ananijua.

Vita hasa ilikuwa ya tundu la juu. Jirani mumoja mwenye mudomo mrefu alimusimulia habari za mazuku, ule upepo mubaya unaotoka chini ya mawe na kulala mabondeni, unaua mbuzi na hata watu asubuhi kabla jua halijawa kali. Ni kweli upo, kila mutu wa Goma anaujua. Lakini huko Masisi alikotoka hakuwahi kuusikia, na sasa kila tundu ndani ya nyumba lilikuwa mulango wa kifo. Bomba la lavabo liliingia wapi? Katika ufa wa mawe. Na mazuku yanatoka wapi? Basi, kwake hesabu ilikuwa imekwisha. Akachana kipande cha kitenge chake cha zamani, cha rangi ya udongo, akakikunja, akakisukumia katika tundu la juu hadi likaziba kabisa.

“Mama,” nikamuambia, “kuna maji katika sifo, yanazuia upepo. Hata hili la juu linaungana na lile la chini kabla ya sifo. Fundi alisema.”

“Weye uliona?”

“Sikuona, iko ndani.”

“Ehe. Basi nyamaza.”

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha makala, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutia vidole katika tundu lile na kuvuta kitambaa. Kila jioni kilikuwa kimerudi. Nilikitupa kwenye takataka. Alikiokota, akakifua, akakirudisha. Nilikificha juu ya kabati, alikipata. Hatukugombana kwa mudomo hata siku moja. Bwana yangu alijua, akajifanya hajui, kama wanaume wanavyofanya jikoni kukiwa na moto.

Kila Jumamosi alitandika mukeka kwenye sakafu ya jiko, kwenye kivuli, akazimwaga mbegu zake zipate hewa, zisipate funza ndani. Alizigeuza kwa kiganja, polepole, anazisemesha kwa sauti ya chini. Siku hizo nilizunguka mukeka kama mutu anayezunguka mugonjwa.

Jumamosi moja, mwezi wa sita, ilikuwa salongo. Salongo ilikuwa kazi ya watu wote, bila malipo, na asiyetokea alitafutwa. Filimbi ililia mapema. Tulitakiwa kufukua mitaro ya barabara iliyojaa matope ya musimu wa mvua. Nilitoka na beleshi, bwana yangu akatoka na suruali yake ya zamani, na mama mukwe, ambaye kwa umri na muguu wake hakudaiwa kitu, akabeba kiti chake akatufuata. Alitaka kumuona mutoto wake wa biro akibeba matope, na kwa kweli alifurahi sana. Robine niliiacha wazi na bushoni ndani, kama siku zote, na mukeka wa mbegu ulikuwa umekwisha kutandikwa. Ilikuwa kavu tangu juzi. Asubuhi ile filimbi ilinikurupusha, kitambaa sikukivuta.

Tulifukua mitaro ya serikali hadi jua likasimama. Niliporudi nikasikia sauti ya maji tangu kwenye uzio, si kikohozi, maji yenyewe, yanamwagika kama mutu anayemimina bila kukoma. Nikatupa beleshi.

Maji yalikuwa yamekuja, lavabo ikajaa, tundu la kuokoa limezibwa na kitenge, basi yakapita juu ya ukingo na kushuka sakafuni. Yangeweza kutoka nje, lakini bwana yangu alikuwa amejenga kizingiti cha simenti mulangoni ili mvua ya uani isiingie. Alikijenga vizuri. Ya nje hayakuingia na ya ndani hayakutoka. Jiko lilikuwa bwawa. Mukeka ulikuwa unaelea kwenye pembe moja, mutupu, na mbegu zilikuwa zimetawanyika chini ya maji kila mahali, chini ya kabati, chini ya gunia la makala, rangi zote.

Nilifunga robine. Nyuma yangu mama mukwe alifika mulangoni, akaona. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alishuka polepole, akakaa ndani ya maji, kitenge na yote, akaanza kuokota moja moja. Hapo niliogopa. Kelele zake nilizijua; kimya kile sikukijua.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile niliyazoa, kwa sahani, kwa kikombe, kwa kitambaa kilekile cha tundu, na kila sahani niliichuja kwa vidole kabla ya kuimwaga nje. Bwana yangu alitusaidia kuokota. Kisha, tulipokuwa na beseni ya mbegu zilizolowana, ngozi zimeanza kukunjamana, akasema neno ambalo hadi leo sijui lilimutoka vipi.

“Mama, si kitu. Tutazipika jioni. Sasa huna tena sababu ya kuhangaika, utabaki na sisi.”

Alisema kwa upole. Karibu kwa furaha! Nilimuona yule muzee akimutazama mutoto wake kama anayemutazama mutu wa njiani, na damu ikanipanda.

“Zipikwe?” nikasema. “Zipikwe katika sufuria gani? Ya nani? Si yangu!”

Alishangaa. Hakunizoea hivyo mbele ya mama yake. Hata mimi sikujizoea.

“Maharagi yaliyokunywa maji hayangoji,” nikaendelea. Hili kila mupishi analijua, siku ya pili yanatoa mukia. “Yanachipuka ama yanaoza. Basi yapandwe leo.”

Mama mukwe alisema neno lake la kwanza. “Wapi? Ku jiwe?”

Nikaonyesha barabara. Kando ya mutaro mulikuwa na matope tuliyoyafukua asubuhi nzima, meusi, yenye majani yaliyooza, malundo hadi kwenye kona. Udongo wa Majengo yote ulikuwa umelala pale unangoja kamyo ya kuutupa.

Tuliubeba kwa beseni, kwa gunia, kwa beleshi. Majirani walitoka kutazama. “Sitwayeni anaiba uchafu wa serikali!” mumoja akapiga kelele, kwa jina lile la raia tulilolazimishwa kuitana enzi zile, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu, naye bwana yangu, mutu wa biro, alipita na gunia kichwani bila kujibu. Namushukuru kwa hilo. Nyuma ya jiko, kati ya ukuta na rundo la mawe ya volkano, tulitandaza tope lile juu ya mawe, likawa kitanda cha urefu wa mulango. Mama mukwe alipanda mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake, anasogea na kiti. Hakuruhusu mutu mwingine aguse mbegu. Mimi niliruhusiwa kutazama.

Lakini ulikuwa mwezi wa sita. Mvua ingine ingekuja mwezi wa tisa tu, na udongo kidogo juu ya jiwe unakauka kabla hujageuka. Maji yalikuwa yapo mahali pamoja tu: katika lavabo, yakizama bure kwenye ufa kila siku. Bwana yangu alikata kipande cha bati, akakikunja kuwa mufereji, akakiweka chini ya mudomo wa bomba. Ukikigeuza huku, maji yanaenda kwenye ufa. Ukikigeuza kule, yanaenda kwenye maharagi. Maji ya sabuni yalikwenda kwenye ufa. Maji ya kuoshea mboga, mchele, mikono, yalikwenda kwenye maharagi.

Hivyo nikawa mutumishi wa bushoni. Yeye alikaa nje kando ya bati, mimi ndani, na dirisha katikati yetu.

“Funga!”

Ninafunga. Maji yanapanda.

“Imefika wapi?”

“Nusu, mama.”

“Bado. Ngoja. Sasa fungua! Polepole, utang'oa miti yangu!”

Alichora mustari kwa kaa la moto ndani ya lavabo yangu nyeupe: hapa kwa siku ya mawingu, hapa juu kwa siku ya jua kali. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu, nikasugua. Ayi! Maneno niliyosikia siku hiyo sitayaandika. Alichora tena, na nikajifunza kuosha lavabo nikizunguka mistari yake. Kitambaa hakikurudi katika tundu la juu tangu siku ya mafuriko, wala hatukukizungumzia. Ila vidole vyangu viliendelea kupita pale kila asubuhi kabla ya kuwasha makala, kwa mazoea tu, vikakuta tundu tupu.

Mwezi wa saba robine ilinyamaza kabisa. Majani yakaanza kulegea. Nikachukua bidoni, nikashuka ziwani kama wanawake wengine, nikapanda nayo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, mimi niliyejiapia kutoinama. Nilimimina katika lavabo hadi kwenye mustari, nikavuta bushoni. Nguo za nyumbani zilingoja. Bwana yangu alikwenda biro na kola yenye mustari mweusi, akalalamika.

“Zinywe kwanza zile,” nikamuambia.

Majirani wakaniuliza kwa nini ninajiua hivyo. Niliwaambia: zikifa, muzee huyu atabaki kwangu hadi kiyama. Walicheka sana. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nimemuona akikaa ndani ya maji.

Maua yalitoka, kisha maganda, kisha maganda yakakauka. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa alivuna. Hazikurudi zote. Bakuli moja na kitu juu. Nyeusi nilidhani zimekufa, sikuona hata moja wakati anabambua. Alizianika juu ya kitanda chake mwenyewe, si sakafuni, na akazitia katika kamufuko kalekale. Muguu ulikuwa mwembamba sasa. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Masisi.

Wiki ile ya mwisho nilikuwa kama mutoto anayengoja Noeli. Kila asubuhi nilitia mukono katika majivu ya mbabula, nikayapekua yote. Hakuna. Nikapekua gunia la makala. Hakuna. Kikapo cha unga, chungu cha chumvi, hata chini ya mukeka wangu. Hakuna kitu. Nikajiambia, basi wewe mutu wa Birere, ulibeba maji ya ziwa, ukaiba uchafu wa serikali, na bado huna mafiga. Nilikasirika kwelikweli. Niliosha lavabo siku hiyo kwa nguvu hadi mistari ya kaa ikatoka, na safari hii hakusema kitu.

Asubuhi ya safari tuliondoka kwa haraka, kamyo haingoji mutu. Sikuwasha hata makala. Bwana yangu alimupandisha mama yake mbele, karibu na dereva, na kamufuko kifuani. Mimi nilisimama chini nimeshika fimbo yake hadi akae vizuri. Nilitaka aseme neno. Lolote.

“Robine uliacha wazi,” akasema.

“Ndiyo mama, lakini hakuna maji tangu juzi.”

“Yatakuja. Rudi.”

“Mama, ngoja kwanza kamyo iondoke.”

“Nimesema rudi!” Alichukua fimbo yake mukononi mwangu, akanisukuma nayo begani. “Kamyo unaitazamia nini? Hujaona kamyo? Rudi ku nyumba, mbio!”

Watu wa kamyo walicheka. Mimi niligeuka nikaenda, machozi ya hasira machoni. Miezi yote ile, na neno lake la mwisho kwangu ni robine! Nilitembea kwa kishindo njia yote. Sikugeuka hata niliposikia injini ikinguruma.

Kwenye uzio nikasikia maji yanaanguka, bomba limekwisha kukohoa zamani. Safari hii nilikimbia. Lavabo ilikuwa imejaa, maji meupe yanacheza, yamebakiza kidole kimoja tu kufika kwenye tundu la juu. Na ndani ya tundu, limezibwa vizuri, kulikuwa na kitambaa. Kilekile. Cha rangi ya udongo.

“Huyu muzee!” nikapiga kelele peke yangu jikoni. “Ameenda, na bado ananizibia tundu langu!”

Nikatia vidole nikakivuta kwa nguvu. Hakikuja kirahisi kama siku zote. Kilikuwa kizito, kimefungwa fundo. Ndani ya fundo vitu vidogo vigumu viligongana.

Nilikifungua juu ya kiganja. Nyekundu. Manjano. Nyeupe. Zenye madoa. Na tatu nyeusi, zinang'aa, kavu kabisa.

Maji yakafika kwenye tundu, yakaanza kujiendea yenyewe, kama fundi alivyosema. Sikufunga robine. Nilitoka nje na kiganja changu kimefumbwa, nikakimbia hadi barabarani, lakini kamyo ilikuwa imekwisha kupita.